Mstari Usilale Umefungwa

Ninyi wa kompyuta, siku ya kuniaga mliniuliza kwa nini sikukubali ile kase ya mbao iondolewe pale dirishani, ingawa inakula nafasi ya meza nzima na ndani yake hamna kitu isipokuwa herufi sita na koma moja ya juu. Mliuliza pia kwa nini katika kiwanda hiki cha chapa, emprimeri kama watu wa mji wanavyoiita, hakuna anayeruhusiwa kutamka neno risasi, hata kwa mzaha. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maandazi na mchungaji alikuwa amekwisha kufumba macho ili aombe, nikasema nitaandika. Sasa nimepumzika, mihogo nimepanda, nafasi ninayo. Habari ya vyeo na mishahara sitaitia humu, maana vyote viwili vilikuwa vifupi.

Nilifika hapa Baraka kutoka Lubondja nikiwa binti aliyemaliza shule ya misheni, nikidhani kuchapa vitabu ni kazi ya kusoma. Fundi mkuu, Mzee Ramazani, hakunipa hata ukurasa mmoja wa kusoma. Alinipa bakuli la mafuta ya taa, brashi, na kurasa za herufi za madini zilizokwisha kuchapwa, akasema nizioshe na kuzifungua. Kwa miezi mingi kazi yangu ilikuwa hiyo ya kufungua.

Nawaeleza, kwa sababu ninyi mnabonyeza tu. Kila herufi ilikuwa kijiti kidogo cha madini laini na mazito, na kichwani mwake herufi imegeuka, kama uso wako kwenye kioo. Fundi anaziokota moja moja kutoka kwenye kase, lile sanduku bapa lenye vyumba, anazipanga mstari kwa mstari, halafu anaufunga ukurasa mzima kwa kamba ili usimwagike. Unapakwa wino, karatasi inashuka juu yake, na kilichogeuka kinageuka tena na kusomeka. Kazi ikiisha unaosha, unafungua kamba, na kila herufi unairudisha chumbani mwake. Ukiweka n katika chumba cha u, kesho mchungaji atahubiri jambo ambalo Biblia haikusema.

Mzee Ramazani alikuwa Mwislamu wa familia za kando ya ziwa. Babu zake walitoka Ujiji, na kwa miaka yote alichapa nyimbo za Wakristo bila kuimba hata ubeti mmoja. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Madini ya herufi sisi wote tuliyaita plo, kama Wafaransa, lakini yeye alikuwa hataki. Alisema madini yale yana jina lake katika lugha yetu, nalo ni risasi. Tulipomwambia kwamba watu wakisikia risasi wanafikiri habari ya bunduki, alijibu kwamba bunduki ndiyo iliyoazima jina, na aliyeazimwa hana sababu ya kuona haya. Basi ndivyo tulivyosema hapa ndani. Herufi kubwa kidogo, za kitabu cha nyimbo, ziliitwa risasi ya kumi na mbili, na zile ndogo za maelezo ya chini ziliitwa risasi ya nane. Hizo namba ni vimo vya herufi, mnavijua, bado viko kwenye kompyuta yenu.

Zilikuwa herufi za vitabu, za mtindo wa zamani, zenye vijiguu chini na vikofia juu. Siku moja wamisionari walileta katalogi yenye herufi za kisasa, zilizonyooka kama misumari, wakamwuliza kama angependa kubadilisha. Alitazama kwa adabu, akairudisha. Alituambia kwamba mama zetu wa kanisa wanasoma kwa kidole, na herufi isiyo na miguu inateleza chini ya kidole. Nilicheka moyoni. Baadaye, Jumapili, nilimwangalia mama yangu mzazi akisoma wimbo, na kidole chake kilikuwa kinakanyaga juu ya vijiguu vile, kimoja baada ya kingine, nami sikucheka tena.

Kase yetu ilitengenezwa kwa ajili ya Mfaransa. Chumba cha e kilikuwa kipana, unaweza kulaza kuku. Chumba cha k na cha w vilikuwa pembeni kabisa, kama vyumba vya wageni wasiotarajiwa, maana Mfaransa hana haja na herufi hizo. Sasa jaribuni kuandika Kiswahili bila k na w. Mchungaji mmoja alituletea kijitabu kilichoanza na "Wakristo wa kwanza wakakaa wakikumbuka", na kabla hatujafika kwenye nukta Mzee Ramazani alikuwa amekwisha kuvua miwani. Tulijifunza kumwomba mwandishi aseme "maana" badala ya "kwa kuwa". Fundi mmoja aliyepita hapa alijaribu kuweka v mbili pamoja ili ziwe w. Mzee alimwambia hiyo si w, ni v mbili zinazosema uongo, na fundi huyo hakudumu kwetu.

Kwa sababu ya uhaba huo tulichapa kurasa chache, tukafungua, kisha tukapanga nyingine kwa herufi zilezile. K za kesho zilikuwa zimelala ndani ya kurasa za leo. Ndiyo maana kila jioni, kabla hajafunga mlango, Mzee Ramazani aliniuliza swali moja tu: "Umefungua?" Kama sijafungua, haturudi nyumbani, yeye wala mimi. Sheria yake ilikuwa kwamba mstari uliochapwa usilale umefungwa.

Kitu kimoja tu Mfaransa alitupa kwa wingi, nacho ni koma ya juu, maana yeye huitumia kila anapokata neno. Kiswahili hakikuihitaji, ikakaa bure na vumbi lake. Halafu ikaja kazi ya kitabu cha nyimbo cha Kibembe, lugha yetu ya milimani, ambayo majina yake yamejaa koma hiyo. Mimi ni Mubembe. Nilipoona chumba kile kilichojaa, nilihisi kama kwamba mtu alikuwa ametuwekea akiba bila kujua. Makarani wa serikali na walimu walikuwa wanaiacha kila wanapoandika majina yetu, kwa uvivu tu. Sisi hatukuiacha. Tulifika katikati ya kitabu, nusu ya nyimbo zimechapwa na nusu zinangoja, vita ikatufikia.

Ilikuwa vita ya pili. Ile ya kwanza ilitupita juujuu, hii ilikaa. Wamisionari walikwisha kuondoka, watu wa Baraka walikuwa wanavuka ziwa kwa maboti kwenda Kigoma au wanapanda milimani, na mchungaji wetu akasema mashine ya kuchapa itajitetea yenyewe kwa uzito wake, lakini herufi zitaibwa. Wavuvi walikuwa wanazitamani siku nyingi, ziwe vizito vya nyavu. Basi nilishona vifuko vya kitambaa, kila herufi na kifuko chake, nikachora nje jina lake kwa wino. Tuliviweka katika mifuko ya chumvi juu ya baiskeli mbili, tukaanza kuzisukuma, mimi na Mzee Ramazani, kuelekea kwetu Lubondja. Mzee alichukua pia kopo la wino na kompostere, kile kisahani cha chuma cha kupangia mstari. Nilimwambia tunakimbia, hatuendi kazini. Alisema fundi asiye na kompostere ni mpita njia tu.

Kabla ya kufika tulikuta kizuizi cha wapiganaji wa msituni, mti umelazwa njiani na vijana wamekaa juu yake. Mimi nilikuwa nyuma, natoa tope kwenye gurudumu. Mmoja alinyoosha mkono akapima mfuko wa Mzee, akaona uzito wake si wa chumvi.

"Mzee, munabeba nini mule?"

"Risasi," akajibu Mzee Ramazani.

Kijana alisimama. Wengine nao walisimama.

"Ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili," akasema Mzee, "na kidogo ya nane."

Ninyi ni watu wa Fizi, sina haja ya kuwaeleza kwamba kumi na mbili ni bunduki ya kila mwindaji. Nilipofika mbele walikuwa wamekwisha kumlaza kifudifudi na kumfunga mikono nyuma kwa kamba ya baiskeli yetu wenyewe. Walisema anawapelekea adui masasi ya bunduki. Mmoja alikuwa anauliza wengine kama wamngoje komanda au wammalize palepale, na aliuliza kama mtu anayeuliza habari ya chakula. Mzee, mdomo ukiwa kwenye majani, alikuwa bado anawaeleza kwamba bunduki ndiyo iliyoazima jina. Nilimwomba anyamaze. Ni mara moja tu maishani mwangu nilimwambia Mzee Ramazani anyamaze, na niliogopa kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Komanda alikuja kutoka kwenye kibanda cha majani. Alikuwa mtu mzima, mtulivu, mwenye koti lisilokuwa lake. Alifungua kifuko kimoja, akamwaga herufi kiganjani, akaziinua kwenye mwanga. Nadhani hapo mambo yalizidi kuwa mabaya, maana sasa aliona maandishi, na maandishi yale hayasomeki.

"Ni maandiko ya bantu gani hii?" aliniuliza. "Mi nilisoma. Hii haisomeke."

Nilimwambia zinasomeka zikigusa karatasi. Nikamwomba anitajie jina lake. Alifikiri kwanza, kama kwamba jina nalo ni silaha, halafu akasema anaitwa M'kelwa.

Nilipiga magoti mbele ya mfuko. Nilitafuta M kubwa, nikatafuta kifuko cha koma za juu, kisha k, e, l, w, a. Nilizipanga kwenye kompostere, nikazifunga kwa uzi nilioutoa kwenye pindo la kitenge changu, nikapaka wino kwa kidole. Karatasi ilikuwa ukurasa ulioharibika wa kitabu cha nyimbo, nyuma yake nyeupe. Niliilaza juu, nikaisugua kwa mgongo wa kijiko, nikampa.

Aliisoma muda mrefu kwa jina fupi vile. Kidole chake kilisimama juu ya ile koma.

"Hii kitu ya juu, umeitia. Nani alikuambia iko pale?"

"Mi Mubembe, komanda. Bila hii, ni jina ya muntu mwingine."

"Ku masomo balikuwa banaiacha," alisema. "Hata mu karte yangu ya kitambulisho baliiacha."

Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati. Mstari wenyewe, ukiwa bado umefungwa kwa uzi wa kitenge changu, aliuchukua kutoka mkononi mwangu akautia mfukoni humohumo. Kisha akawaambia vijana wake:

"Mumufungue mzee. Lakini plo inabakia hapa."

Nilimwambia hizo si za vita, ni za nyimbo. Alinijibu bila ukali kwamba anajua, amekwisha kuona, lakini ana bunduki za wawindaji na ana mtu anayejua kuyeyusha. Vijana walianza kushusha mifuko. Kazi ya miaka ya watu wengi, k zetu tulizozihesabu kama mchele wakati wa njaa, nusu ya kitabu iliyokuwa inangoja na daftari lake pekee la mkono, vyote vilishuka vikawekwa kando ya ule mti. Mzee Ramazani alikuwa amesimama akisugua viganja vyake. Alitazama mfuko wa shati la komanda, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka:

"Na mstari ufunguliwe."

"Umeisha funguliwa, mzee," akajibu komanda. "Enda."

Tulikwenda. Baiskeli zilikuwa nyepesi sana na mimi nililia njia nzima. Tulipokaribia Lubondja ndipo Mzee alipofungua kinywa. Alisema hakuwadanganya wale vijana, aliwahi tu kusema ukweli kabla haujawa ukweli. Hakucheka. Tangu siku hiyo hakulitamka neno lile tena, na sisi tukamfuata. Kama hamkujua chanzo cha sheria, ni hicho.

Vita ilipotulia tulirudi. Mashine ilikuwa imejitetea kama mchungaji alivyosema, na kase ilikuwepo, vyumba vitupu, panya wamezaa katika chumba cha e. Miaka ilipita tukichapa kwa stensili. Halafu kompyuta ikaja, na wa kwanza kuitumia, sitamtaja kwa sababu anasoma haya, alichapa wimbo wa Pasaka kwa herufi zile za misumari. Mama watatu walinirudishia karatasi wakisema macho yao yamechoka. Nilikaa mbele ya kompyuta na karatasi ya zamani mkononi, nikapitia majina yote ya herufi yaliyomo, mpaka nikapata yenye miguu iliyofanana. Ndiyo mnayoitumia mpaka leo bila kuulizwa na mtu.

Mzee Ramazani alikuwa amestaafu, lakini alikuja kila siku na kukaa kwenye benchi karibu na mlango. Macho yalikuwa yamepungua sana. Alikuwepo siku alipoingia mama mmoja aliyevaa nguo za kilio, mkononi kifundo cha kitambaa. Alitaka tangazo la matanga ya mume wake. Nilimwuliza jina la marehemu nikiwa tayari kuandika, naye hakulisema. Alifungua kitambaa, akaweka mezani kitu cheusi, kizito, kilichofungwa kwa uzi.

Niliujua uzi kabla ya herufi. Kitenge kile kilikwisha kuchakaa zamani.

"Alisema jina yake bachape na hizi," alisema yule mama. "Hapana na kompyuta. Alisema bantu ba emprimeri ndio banajua jina yangu."

Nilimwuliza nyingine ziko wapi. Alisema nyingine ziliyeyushwa mwezi uleule, lakini hizi alizibeba kwenye shati mpaka vita ikaisha, na baada ya vita akaziweka chini ya mto. Alisema hivyo kama mtu anayemsifu mume wake, na labda alikuwa anamsifu. Mimi nilishikwa na hasira iliyonishangaza mwenyewe. Niliwaza zile k zilikwenda kwenye vifua vya nani. Niliwaza zile nyimbo ambazo mpaka leo kanisa linaziimba kwa kukumbuka tu, na kila mzee anayekufa anaondoka na ubeti. Nilimwambia wazi kwamba sitaki, aende akatafute stensili.

Mzee Ramazani alinyoosha mkono kutoka kwenye benchi. Nilimpa. Alipitisha kidole gumba juu ya vichwa vya herufi, kutoka kulia kwenda kushoto, kama tulivyozoea kusoma kinyume.

"Ni wa kumi na mbili," alisema. "Haujafunguliwa tangu siku ile." Akanirudishia. "Chapa, Sifa. Halafu fungua."

Nilichapa. Maneno ya matanga niliyatoa kwa kompyuta, katikati nikaacha nafasi, na katika nafasi hiyo, karatasi kwa karatasi, nikagandamiza M'kelwa kwa risasi yake mwenyewe. Neno limenitoka, mnisamehe. Wino ulishika vizuri, na koma ilisimama mahali pake. Sikumsamehe yule mtu siku ile, na sijui kama ilikuwa kazi yangu, lakini jina lake lilikuwa sawa.

Nilipomaliza kuosha, mama alikuwa amekwisha kutandaza kitambaa chake ili arudishe mstari nyumbani. Ilibidi nimweleze kwamba kwetu mstari uliochapwa haulali umefungwa, kwamba herufi lazima zirudi vyumbani, na kwamba zikirudi hazitakuwa jina tena. Nilimwambia kama hataki, sitamlazimisha. Alilaza kiganja juu ya kile kitambaa.

"Basi," alisema yule mama, "mumufungue."

Fundo lilikuwa limekauka kwa jasho la miaka. Sikulikata, maana Mzee hakuruhusu uzi ukatwe, nililifungua kwa ukucha. Mama alisimama pembeni yangu akiangalia kila herufi inavyokwenda: M juu, koma katika kile chumba kilichokuwa cha akiba yetu, k pembeni kwa wageni, e katika nyumba ile pana iliyokuwa ya panya, kisha l, w, na a. Alikunja kitambaa kitupu, akachukua matangazo yake, akatuaga.

Jioni nilipochukua funguo za mlango, Mzee Ramazani alikuwa bado amekaa. Hakuwa na haja ya kuuliza, alikuwa amesikia kila herufi ikianguka chumbani mwake. Aliuliza hata hivyo.

"Umefungua?"

"Nimefungua, Mzee."

Akainuka, tukarudi nyumbani.